Tiba ya Wahalifu wa Kingono: Huruma kwa Mhalifu au Kinga kwa Jamii?

Kila habari za mtoto aliyenajisiwa zinapotangazwa nchini Kenya, kauli zinazosikika aghalabu ni zile zile: mhalifu afungwe maisha, ahasiwe, asionekane tena. Hasira hiyo ina msingi, na aliyedhulumiwa anastahili kuona haki ikitendeka. Hata hivyo, hasira haiwezi kuwa sera. Je, adhabu peke yake yatosha kumlinda mtoto ambaye bado hajadhuriwa?

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, iliyowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, ilileta mageuzi makubwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 8, anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Mwaka 2024, Mahakama ya Juu ilishikilia kuwa viwango hivyo vya chini ni halali. Wengi hukomea hapo na kuridhika. Lakini kijana wa miaka 25 anayefungwa miaka 15 atatoka akiwa na miaka 40, angali na nguvu zake, na atarudi katika kijiji chenye watoto. Sheria yenyewe yalitambua hilo, kwani kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mhalifu hatari wa kingono na kuamuru awe chini ya uangalizi wa muda mrefu baada ya kuachiliwa. Ikiwa hatari haimaliziki kwa kifungo, basi linalofanywa ndani ya kuta za gereza ni suala la usalama wa umma.

Tiba inayozungumziwa hapa kwa kiasi kikubwa ni mazungumzo yaliyopangwa na kuongozwa na wataalamu. Mhalifu hutakiwa kukiri alilotenda, kuzitambua fikra na mazingira yaliyomfikisha hapo, kujifunza kujidhibiti, na kuandaa maisha yasiyomrudisha alikotoka. Mwaka 1990, Andrews, Bonta na Hoge walieleza misingi mitatu ya kazi hii: juhudi kubwa zielekezwe kwa walio hatari zaidi, yashughulikiwe mambo yanayochochea uhalifu hasa, na mbinu zilingane na uwezo na hali ya mfungwa.

Hapana budi kukiri kwamba si kila kinachoitwa tiba huponya. Nchini Uingereza, programu iliyotumiwa magerezani kwa miaka mingi ilitathminiwa na Wizara ya Haki, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Miongoni mwa walioipitia, asilimia 10 walirudia makosa ya kingono, ilhali miongoni mwa wenzao wasioipitia ni asilimia 8. Programu hiyo ikaachwa, zikaletwa nyingine. Kwa upande mwingine, mjini Hamilton nchini Kanada, mwaka 1994 ulianza utaratibu wa raia wa kujitolea kumzunguka mhalifu aliyeachiliwa: wanamsaidia kuishi, na papo hapo wanamdai hesabu ya mienendo yake. Tafiti za nchini humo ziliona kuwa waliozungukwa hivyo walirudia makosa mara chache kuliko wenzao. Funzo ni kwamba tiba ipimwe, isiyofaa itupwe, na mhalifu asiachwe peke yake siku anapotoka.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoguswa. Tiba ya mazungumzo huhitaji lugha, na kwa wafungwa wengi wa Kenya lugha hiyo ni Kiswahili. Je, lugha inayotumika inafaa kazi hiyo? Mtoto husemekana "alifanyiwa tabia mbaya" au "aliharibiwa". Neno "kunajisi" lenyewe linamtwika mtoto uchafu usio wake. Naye mhalifu husema "shetani alinipitia", na kwa kauli hiyo mtenda anakuwa mtendwa. Ni muhali kumfanya mtu awajibikie tendo ambalo lugha imemsaidia kulificha. Mficha uchi hazai. Istilahi zinazoitaja dhuluma waziwazi, bila matusi wala kumdhalilisha mwathiriwa, ni mchango ambao wanaisimu na wakalimani wanaweza kuutoa kwa magereza na kwa maafisa wa probesheni.

Wapo watakaouliza kwa nini fedha zitumiwe kwa mbakaji ilhali waathiriwa wengi hawana mshauri wala matibabu. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mwathiriwa atangulie. Matibabu yake, ushauri nasaha wake na usalama wake havipaswi kupunguzwa hata senti moja ili kumhudumia aliyemdhulumu. Lakini kumnyima mhalifu tiba hakumfaidi mwathiriwa huyo, na huenda kukaongeza mwingine.

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Katika suala hili, tiba iliyopimwa na kuthibitika ndiyo kinga yenyewe. Adhabu ibaki, tena kali; lakini miaka 15 ya kumfungia mtu bila kumbadilisha ni miaka 15 ya kuiahirisha hatari, na atakayelipia kuahirisha huko ni mtoto ambaye pengine leo hajazaliwa.