Rangi ya tovuti ya therapi si ya kutuliza mtu, ni ya kusomeka saa nane usiku

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu kijani. Si kile cha bangi, tulieni. Naongea kuhusu kile kijani kilichopauka, kama jani la mkaratusi limekaa juani wiki mbili, chenye siku hizi kila therapisti akifungua ofisi lazima apake tovuti yake. Pembeni anaweka krimu, maandishi anaweka kijivu nyembamba, halafu anamalizia na picha ya mwanamke mzungu ameshika kikombe akiangalia dirisha. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa: hizi rangi zinatuliza.

Zinatuliza nani, manze?

Mimi hutengenezea watu kurasa na maposti, na hili swali limeletwa kwa inboksi yangu zaidi ya mara moja: "Nipee rangi za website ya counselling." Jibu langu watu hawalipendi. Rangi haitibu mtu. Kazi ya rangi kwa hiyo tovuti ni mbili tu: mtu aweze kusoma, na mtu aone kwamba hapa hata yeye anakaribishwa. Kile kijani kilichopauka mara nyingi kinafeli zote mbili.

Tuanze na hii imani ya kutuliza. Mwaka 1979, gereza moja la jeshi la majini la Marekani kule Seattle lilipaka seli rangi ya waridi, kwa sababu mtafiti anaitwa Alexander Schauss alisema inapunguza hasira. Rangi ikapewa jina Baker-Miller, majina ya wakuu wawili wa hapo. Stori ikavuma, magereza mengine yakaiga. Baadaye watafiti walipojaribu tena kwa masharti makali zaidi, ikiwemo jaribio la gereza la Uswisi lililochapishwa 2015, hawakuona hiyo nguvu. Sasa kama kuta nne nzima za waridi hazijaweza kushika mtu hasira, wewe unadhani kitufe chako cha kijani cha sentimita mbili kitafanya nini?

Hebu tufikirie mtu mwenye anafungua hiyo tovuti. Si therapisti, si mimi na laptopu yangu. Ni msee wa miaka 21, saa nane usiku, kwa bedsita ya Rongai anashea na kakake. Simu iko asilimia tisa. Skrini ina ufa. Amepunguza mwangaza mpaka chini kabisa, moja kwa sababu ya betri, mbili kwa sababu hataki bro aamke aulize anasoma nini. Najua hiyo simu vizuri. Wakati nilikuwa naachana na kampasi, hiyo ndiyo saa nilikuwa natafuta namba za watu wa kuongea nao, na kurasa nyingi nilizofungua zilikuwa zinakaa ukungu. Bei iliandikwa kijivu juu ya krimu. Namba ya simu iliandikwa nyeupe juu ya kijani kilichopauka. Nilikuwa nakaza macho kama nyanya akitafuta uzi wa sindano.

Na hili linapimika, si maoni yangu pekee. Kuna viwango vya kimataifa vya kufanya tovuti isomeke na kila mtu, vinaitwa WCAG, na vinatolewa na W3C. Vinasema maandishi ya kawaida yanafaa kutofautiana na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Sasa chukua kijani cha #9CAF88, moja ya vile vinapendwa sana, uweke maandishi meupe juu yake. Haifiki hata 2.5 kwa 1. Yaani ni chini hata ya kiwango cha maandishi makubwa, na hapo bado hatujapunguza mwangaza wala kupanda matatu ya saa saba mchana na jua limepiga kioo. WebAIM wana chombo cha bure cha kupima: unaweka rangi mbili, kinakupa namba. Dakika moja. Haina haja ya digrii, na hapo naongea na uzoefu.

Kwa nini najali hivi? Kwa sababu hapa kwetu watu hutafuta hii msaada kwa kujificha. Mpaka Januari 2025, wakati Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Mtu yuko kwa shimo, halafu sheria inamngoja juu na pingu. Na Mathari, hospitali iliyoanza 1910 na inayohudumia watu mpaka leo, bado jina lake linatumika mtaani kama tusi. Kwa hivyo usishangae mtu akisoma ukurasa wako chini ya blanketi. Ukurasa mweupe pe utawasha chumba kizima kama tochi, na huyo kakake ataamka. Ndiyo maana nasema tovuti ya therapi iwe na modi ya giza inayofuata simu yenyewe, bila mtu kutafuta kitufe. Kwa tovuti ya kuuza viatu hiyo ni mbwembwe. Kwa hii, ni siri ya mtu.

Sasa ile kazi ya pili, kukaribisha. Vijana wa kiume, semeni ukweli: ukifungua ukurasa wa krimu na waridi iliyokufa, na maua makavu kwa kona, unafikiria nini? Unafikiria ni spa. Unafikiria ni kitu ya madem wa Kilimani wenye wana bima. Unafunga. Hakuna mtu alikufukuza, lakini hizo rangi zimeshaongea. Na zile picha za wazungu zinachangia, kwa sababu rangi nyingi za templeti zimechaguliwa zikae vizuri na ngozi yao. Weka picha ya mtu mweusi juu ya hiyo krimu hafifu uone vile anakaa kama ameongezwa na gundi. Weka huyo huyo karibu na kijani kizito, maruni, au rangi ya udongo wa murram, uone vile anang'aa.

Lakini pia usirudi na rangi za nje ya kona yetu bila kujua zina wenyewe. Chungwa ni ODM tangu kura ya maoni ya 2005, ile ya ndizi na chungwa. Manjano na kijani pamoja ni UDA na wilibaro yao. Nyekundu nyingi ni Jubilee, au Airtel ukiwa mtu wa bando. Kijani kikali ni Safaricom, na mtu akiona kitufe cha hiyo rangi kidole kinajiandaa kuweka PIN. Sisemi mtu atakataa therapi juu ya chungwa, hapana, lakini mwaka wa uchaguzi sitaki mteja wako ajiulize kama wewe ni wa upande gani kabla hajakuambia mambo ya babake.

Najua kuna therapisti anasoma hii akisema, "Lakini rangi kali zitamsumbua mtu mwenye wasiwasi." Hapo uko sawa nusu. Ukiweka manjano ya kumulika na vitu vinacheza-cheza, tovuti itakaa ya kamari, na mtu mwenye moyo unamwenda mbio hataki hiyo. Ila kukolea si kelele. Utulivu kwa ukurasa unatoka kwa nafasi: maneno machache, mistari iliyoachana, kitu kimoja cha kubonyeza. Unaweza kuwa na maandishi meusi kabisa na ukurasa ukatulia kama Jumapili asubuhi. Kupausha maandishi ni kumnong'onezea mtu mwenye amekuuliza swali kwa shida.

Kama ni mimi, ningeanzia hapa: nyuma #FBF7EE, krimu ndiyo, sina vita na krimu. Maandishi #1F4D3A, kijani kizito, ambacho juu ya hiyo krimu kinapita 8 kwa 1. Kitufe cha kuweka miadi kiwe kijani hicho hicho kikiwa kimejaa, maandishi ya krimu ndani. Halafu rangi moja ya udongo, #7A2E1F, na hiyo isitumike kwa kitu kingine chochote isipokuwa sehemu ya dharura. Usiku, geuza: nyuma #14211B, maandishi #EDE6D6. Bei iandikwe kwa rangi ile ile ya maandishi mengine, kwa sababu bei ikipauka mtu anajua unaificha. Namba yako ya usajili wa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia pia, isijifiche chini kwa kijivu.

Na usiachie rangi peke yake kazi ya kusema "dharura". Kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, hasa wanaume, kwa sababu jeni zenyewe ziko kwa kromosomu X na wao wana moja tu. Andika kwa maneno: "Uko hatarini sasa? Piga 1199." Hiyo ni laini ya bure ya Kenya Red Cross, na iwe ni kitu mtu anaguza na simu inapiga, si picha.

Ukimaliza, usinitumie skrinishoti ya laptopu. Chukua simu ya bei ya chini kabisa ndani ya nyumba, shusha mwangaza mpaka mwisho, zima taa, ulale chali, na umpe mtu mwingine asome hiyo namba kwa sauti ya chini.