Anayesubiri zamu ya ngoma naye afanye mazoezi

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, linapokaribia, walimu huhesabu mazoezi kwa sauti iliyotoka. Katika shule za Runyenjes, kama kwingineko nchini, ngoma chache hugombewa na watoto wengi, na asiye na zamu huhesabiwa kuwa amekaa bure. Nadhani hapo tunapoteza nusu ya somo. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliojifunza zoezi la vidole vitano kwenye piano, saa mbili kila siku kwa siku tano. Kundi moja lilicheza; jingine liliketi mbele ya piano likijiwazia linacheza, bila kugusa kitu. Sehemu ya ubongo inayoamuru vidole ilipanuka kwa wote. Siku ya tano, waliowaza tu walikuwa na ustadi ambao wachezaji waliufikia siku ya tatu, na walipopewa saa mbili za kucheza kwa mikono, pengo likazibika. Robert Zatorre na Andrea Halpern nao wameonyesha kwamba anayewaza wimbo huamsha maeneo ya ubongo yanayoshughulika na kusikia, ingawa hakuna sauti yoyote inayoingia masikioni.

Kuna watakaosema ngoma si piano. Mpiga ngoma wa Chuka, mji ulio mbele kidogo ya Runyenjes kwenye barabara ya Meru, hubana ngoma yake mapajani na kucheza huku akipiga. Mwili mzima unafanya kazi. Ni kweli, na siahidi kwamba hesabu ile ya siku tano itafanana. Lakini inajulikana pia kwamba mtu akisikiliza mdundo ametulia tuli, maeneo ya ubongo yanayopanga mwendo huamka. Pingamizi linalonitia hofu zaidi ni jingine: kwamba wenye bajeti watasema, basi watoto wawaze, ngoma za nini? Utafiti wenyewe unawakatalia. Waliowaza walibaki nyuma mpaka walipogusa piano, na mtoto ambaye kiganja chake hakijawahi kugonga ngozi ya ngoma hana cha kuwaza. Shule zinunuliwe ngoma. Na pale ambapo ngoma ni moja kwa darasa zima, mwalimu apige mdundo, anyamaze, awaachie wote waurudie akilini mara mbili, tatu, ndipo amwite wa kwanza.