Kidonda cha moyo hakiponi kwa kujifungia

Katika bonde la Ruzizi, watu wa Luvungi wamezoea kukimbia na kurudi. Wanalima, wanafungua maduka. Lakini usiku wengi hawapati usingizi, na wanachoambiwa ni kimoja: vumilia.

Uvumilivu peke yake si dawa. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitangaza matokeo kuhusu wanawake 405 wa mashariki mwa Kongo walioguswa na ubakaji. Kati ya waliotibiwa kwa vikundi, kama 70 kwa 100 walikuwa na huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Miezi sita baada ya matibabu, walibaki 9 kwa 100. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja, hesabu ilitoka 83 ikabaki 42. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, bali wamama Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo.

Basi kisingizio cha uhaba wa waganga hakisimami. Mgonjwa wa Luvungi asingoje kupelekwa Sosame, Bukavu, hali ikiwa imeharibika. Serkali na mashirika walipe wamama waliofundishwa, watoe chumba chenye mlango unaofungwa, na siri ya kikundi ibaki humo. Bandeji hufunga mguu. Moyo unahitaji wa kuusikiliza.