Lawama ya Lenzi na Jua la Kajiado

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Siku hizi wapiga picha wetu wameipindua methali hiyo: picha ikitoka na ukungu, husingizia lenzi. Tangu Kitengela, mji unaokua mbio kando ya barabara ya Namanga, hadi Kajiado na Amboseli, lawama ni hiyo hiyo. Yafaa tuipime, kwani nyuma yake mna riziki za watu na kumbukumbu ya nchi.

Niianze kumbukumbu. Huko Amboseli, utafiti ulioanzishwa na Bibi Cynthia Moss mwaka 1972 huwatambua ndovu mmoja mmoja kwa picha za masikio yao: mikato, matundu na mishipa. Ndovu hana kitambulisho ila sikio lake. Mwaka 2023 na 2024, madume wenye pembe kubwa waliovuka mpaka waliuawa na wawindaji wenye vibali upande wa Tanzania. Msiba wa namna hiyo ukitokea, swali la kwanza ni: aliyekufa ni nani? Jibu hutafutwa katika picha. Ikiwa kamera iliushika mkonga ikaliacha sikio, ushahidi umekwisha. Na kwa kijana wa Kitengela anayekula kwa kupiga picha za harusi, ushungi ukiwa wazi na macho ya bibi harusi yana ukungu, nani atairudia harusi?

Je, lenzi yaweza kuwa na hatia? Naam, yaweza. Katika kamera yenye kioo ndani, mwanga hupita njia mbili: mmoja huenda kwa kihisi kinachopima lengo, na mwingine, kioo kikiinuka, hufika kwa kihisi kinachonasa picha. Njia hizo zikipishana kwa kipimo kidogo kuliko unywele, otofokasi, yaani ule mtambo unaojilengea wenyewe, hulenga mbele au nyuma ya kitu. Sisi tuliokaa chuoni na ubao twajua hasara ya nukta kuhama: ikitoka chini ya ba ikapanda juu, mwanzoni mwa neno, herufi huwa nuni.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2007 kamera za daraja la juu za Canon na Nikon zilianza kuwekewa njia ya mwenyewe kuisahihisha kila lenzi. Kamera mpya zisizo na kioo hulipima lengo kwenye kihisi kile kile kinachonasa picha, na maradhi haya karibu hayazipati. Lakini kamera za kioo zilizokwisha kutumika ndizo rahisi kwa kijana anayeanza kazi, na zaweza kumfika na kasoro zao.

Basi lenzi irekebishwe lini? Nasema, kosa likiwa na mwelekeo mmoja. Mkono unaotetemeka hukosea huku na huku; lenzi iliyopotoka hukosea upande ule ule daima. Iwekwe kamera juu ya kiegemeo cha miguu mitatu, tundu la lenzi lifunguliwe lote, ilengwe alama iliyosimama wima, na kando yake rula iliyolazwa mshazari. Zipigwe picha kumi, na kila mara lenzi ivurugwe kwanza ili ilenge upya. Zote zikiangukia nyuma ya alama, au zote mbele, hapo rekebisha, kidogo kidogo, ukipima tena. Zikitawanyika, usiguse kitu: tazama kasi ya kamera, nukta ya kulengea uliyoichagua, na uchafu penye vyuma vinavyounganisha lenzi na kamera. Lenzi ya kuvuta ipimwe ikiwa fupi na ikiwa ndefu, maana yaweza kuwa sawa huku na kukosea kule.

Na hapa methali yetu yapata mtihani, kwani katika nyanda za Kajiado jua huwa na hatia kweli. Adhuhuri ardhi huwaka, hewa hucheza kama maji, na ndovu aliye mbali hutoka na ukungu hata kwa lenzi isiyo na ila. Anayeirekebisha lenzi saa hiyo huiharibu iliyo nzima, na kesho asubuhi itakosea kweli. Kipimo kifanywe kwa karibu, kivulini au asubuhi.

Kwa maoni yangu, fundi anayetoza ada ya kurekebisha lenzi amwonyeshe mteja picha za kabla na za baada. Bila hizo, mteja hana njia ya kujua kama amelipia dawa au amelipia maneno. Na mpiga picha naye asiende kwa fundi mikono mitupu. Aende na kamera yake, lenzi yake, na zile picha kumi.