Ushuru wa Maegesho Hauwafukuzi Wateja

Katikati ya jiji la Mwanza, kuanzia Barabara ya Pamba hadi Barabara ya Nyerere, wenye maduka wana lalamiko moja: ushuru wa maegesho unaua biashara. Mteja anaogopa kusimamisha gari, wanasema, anaamua kununua mahitaji yake Igoma au Buzuruga. Lalamiko hili limerudiwa hadi hakuna anayelihoji. Mimi nalipinga.

Litazame gari lililoegeshwa mbele ya duka saa mbili asubuhi. Mara nyingi ni la mwenye duka mwenyewe, au la mtumishi wa ofisi ya ghorofani, na jioni utalikuta palepale. Nafasi hiyo ingepokea wateja wanane kwa siku, kila mmoja akikaa saa moja. Badala yake mteja aliyetoka Nyegezi anazunguka mtaa mara mbili, anakata tamaa, anaondoka. Huyo kafukuzwa na nani?

Wenzetu waliliona hili zamani. Mita ya kwanza ya maegesho ilifungwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa ada ya senti 5 kwa saa, kwa sababu wafanyakazi wa mjini walijaza barabara tangu asubuhi na wanunuzi wakakosa pa kusimama.

Na Mwanza haina pa kupanukia. Huku ziwa, huku vilima vya mawe. Isitoshe, wengi wanaoingia mjini hawana gari kabisa; wanakuja kwa daladala, bodaboda, kivuko cha Kamanga au miguu yao. Ukidai maegesho ya bure, unadai upewe peke yako kipande cha barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote hao.

Nawaunga mkono walalamikaji katika jambo moja tu, nalo ni deni la kimyakimya. Tangu Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) ianze kutumia mfumo wa kielektroniki kukusanya ushuru huu mwaka 2021, wapo madereva waliolalamika kukuta deni na faini vimelimbikizwa kwenye namba ya gari bila wao kujua. Huo ni uonevu. Dereva apate taarifa kwenye simu siku ileile, vibao visomeke, na fedha za mtaa zionekane kwenye mitaro na njia za waenda kwa miguu za mtaa huohuo.

Dai hayo, ndugu mwenye duka, nami nitadai pamoja nawe. Ila kwanza ondoa gari lako mlangoni, mteja apate pa kusimama.