Anayetuhumiwa Ndiye Mwenye Kalamu

Mwaka 2021 video fupi ilizunguka kwenye simu nchi nzima. Tabibu wa Kituo cha Afya Kerenge, wilayani Korogwe, alionekana akifumua nyuzi za kidonda kilichokwisha kushonwa, kisa mgonjwa hana pesa. Pale hapakuhitajika wakili wa kutufafanulia. Mkono ulijua unachokifanya. Ikishathibitika nia ya namna hiyo, koti jeupe halimkingi mtu. Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu humlinda mpasuaji aliyefanya kazi kwa nia njema, kwa faida ya mgonjwa, tena kwa ujuzi na uangalifu unaostahili. Zaidi ya hapo hakina ulinzi wa kutoa.

Sasa turudi Muhimbili, mwaka 2007. Katika Taasisi ya Mifupa, MOI, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyekwenda kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo la kichwa akapasuliwa goti, kisha akafariki. Nairobi nako, mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walifungua fuvu la mgonjwa wakitafuta damu iliyoganda, kumbe damu hiyo ilikuwa kichwani mwa mgonjwa mwingine. Madhara ya matukio haya mawili yanatisha kuliko ya Kerenge, ila nia ovu haipo. Je, ni jinai?

Inaweza kuwa. Kifungu cha 233 kinamgusa anayetoa tiba kwa pupa au uzembe unaohatarisha uhai. Hata hivyo, mahakama zimekuwa nzito kumfunga daktari kwa sababu tu amekosea. Daktari mmoja wa Nigeria, Akerele, aliwachoma watoto sindano za buba zilizochanganywa kali mno, na baadhi yao wakafa. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, lakini mwaka 1943 Privy Council ya London ilimwachia, kwa hoja kwamba kukosea vipimo wakati wa kuchanganya dawa hakutoshi peke yake kuwa uzembe uliokithiri. Waandishi wa toleo hili la jarida letu hawakubaliani mstari kati ya kosa la kawaida na jinai upite wapi, nami nimewaacha wasikubaliane.

Mimi ugomvi wangu uko kwingine. Kabla hatujafika kwenye nia au uzembe tunahitaji ushahidi, na katika makosa ya hospitali ushahidi huandikwa na yuleyule anayelalamikiwa.

Aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi ameiona patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ikijazwa asubuhi, mtoto ameshazaliwa. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zimenyooka kana kwamba usiku ule hakuna aliyehangaika. Mara nyingi aliyeijaza si mhalifu. Alikuwa mkunga peke yake na akina mama kadhaa, na angeandika ukweli, kwamba saa nane hadi saa kumi hakuna aliyepima, pengine asingeguswa na sheria ya jinai. Maswali yangekwenda kwa waliopanga zamu. Mama akifa, karatasi ile nzuri ndiyo inayomweka mkunga matatani, maana kughushi ni kosa la kukusudia. Na wakubwa waliompa zamu ya peke yake wanapona, kwa kuwa karatasi inasema huduma ilitolewa.

Waingereza walilijua hili kwa gharama kubwa. Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde, alitiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa wake 15. Tume iliyofuata ikahesabu 215. Aliwadunga dawa ya maumivu jamii ya mofini, kisha akaketi kuandika cheti cha kifo mwenyewe. Nani angeuliza, wakati karatasi zimekamilika? Kilichosaidia kumnasa ni kompyuta yake, iliyotunza tarehe halisi za siku alizokwenda kubadili mafaili ya marehemu.

Huku kwetu Katoro, mkoani Geita, tusitegemee kompyuta itusaidie hivyo. Huu ni mji wa wageni: watu wametoka Kahama, Kigoma, Ngara, wamefuata dhahabu. Mchimbaji akifia kitandani, wenzake wanachanga nauli ya gari usiku huohuo ili mwili ufike kwao. Cheti kikisema malaria kali, basi ni malaria kali. Na aliyechomwa sindano nyuma ya duka la dawa muhimu, mahali ambapo kuchoma sindano hakuruhusiwi, hata karatasi ya kubishania hana. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayoruhusu kifo chenye utata kichunguzwe chini ya hakimu. Lakini nani ataiomba wakati mwili uko njiani?

Mgonjwa akibakwa na anayemtibu, mambo ni mabaya zaidi. Bunge halikuwa limelala: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimtaja waziwazi mtumishi wa hospitali anayetumia nafasi yake, na mara baada yake ikamtaja mganga wa kienyeji. Adhabu ya mtu mzima aliyebaka haipungui miaka 30 jela. Kwa ukanda wetu, ambako zahanati na mganga wanagawana wagonjwa, sijui sheria gani nyingine imetulenga hivyo. Ila aliyebakwa anatoka polisi na PF3, fomu ya polisi inayojazwa na tabibu, mkononi, anapelekwa kituo cha afya. Tabibu akiwa mmoja, naye ndiye mtuhumiwa, fomu ataijaza nani? Hapo ndipo wazee wanapoitwa, pesa inapita, na familia inaambiwa yaishe.

Ninachotaka wasomaji wetu wa halmashauri wakijadili ni kidogo na hakihitaji bajeti. Malalamiko yakitolewa, faili linakiliwa na nakala inafungiwa kwa mtu wa nje ya kituo kabla zamu haijabadilishwa. Na PF3 inayomhusu mtumishi wa afya ijazwe kituo kingine. Geita mjini si mbali, na magari yapo kutwa.