Anayejitenga Asihukumiwe

Hapa visiwani mtu hujulikana kwa kuhudhuria: arusini, mazikoni, barazani na mkutanoni. Asiyeonekana huambiwa ana kiburi, amerogwa, au hawapendi wenzake. Tunaona ni wajibu wetu kutanabahisha kwamba miongoni mwa watu hao wamo wanaohitaji kufahamiwa, wala si kulaumiwa.

Wataalamu wa maradhi ya nafsi huiita hali hiyo tabia ya skizoidi. Mwenye nayo si mwendawazimu. Hasikii sauti zisizokuwapo, na kazi yake huweza kuifanya barabara. Lakini hana msiri, hasisimki kwa sifa wala kwa lawama, na hupendelea kukaa peke yake.

Je, hana moyo? Mwaka 1940, daktari W.R.D. Fairbairn wa Edinburgh, Uskoti, alieleza kinyume chake: mtu huyo huogopa kwamba mapenzi yake yenyewe yatamdhuru ampendaye, ndipo akayaficha. Naye Harry Guntrip wa Leeds, Uingereza, katika kitabu chake cha 1968, alionyesha jinsi anavyosogea na kurudi nyuma. Akiwa karibu na watu huhofia kumezwa. Akiwa mbali huhofia kupotea.

Hali hiyo haina kidonge chake mahsusi. Tiba yake ni mazungumzo, nayo haitaki pupa. Mtabibu anayemhimiza mgonjwa alie au afichue siri humfukuza. Anayefaa ni yule anayestahimili kimya, anayetimiza miadi, na asiyebadilika leo na kesho.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wasimwoze kijana kwa nguvu eti apate kuchangamka. Viongozi nao wasimhesabu mpinzani mtumishi asiyesema mkutanoni, ilhali kazi yake inatimia. Sisi tunaohubiri umoja tunajua kwamba umoja wa kulazimishana haudumu.

Aidha, si kila mkimya ni mgonjwa. Atibiwe yule anayeteseka. Na kwa ajili yake tunaisihi Serikali ihakikishe kwamba mgonjwa anaonana na mtabibu yuleyule kila anapofika, kwani imani aliyoijenga kwa miezi mingi huvunjika siku anapokuta uso mgeni.

Adabu yetu imetufunza kupiga hodi mara tatu, na tusipoitikiwa turudi bila kinyongo, kisha tuje tena siku nyingine. Mwenzetu huyu naye abishiwe hodi vivyo hivyo.